Kunguni Hulishwa na Kimya

Miongoni mwa maadui wa usingizi wa binadamu, hapana aliye mdogo wa umbo na mkubwa wa udhia kama kunguni. Mbu huvuma sikioni kabla ya kuuma, mbwa mkali hubweka kabla ya kurarua, na mwizi wa usiku husikika akivunja mlango. Kunguni haji kwa kishindo wala haondoki kwa kuaga. Hungoja mwenye kitanda azame katika usingizi, akala, akashiba, akarudi ufani mwake kabla ya mapambazuko. Asubuhi mtu huamka na vipele mwilini, akajikuna, akatazama huku na huku, asimwone adui. Wahenga walisema kweli waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini insha hii haikuandikwa kumlaumu kunguni. Kumlaumu mdudu kwa kunyonya damu ni sawa na kuulaumu moto kwa kuunguza: ndiyo tabia yake, wala hana nyingine. Lawama ina wenyewe. Katika nyumba za kulala wageni, tangu vyumba vya bei nafuu karibu na vituo vya mabasi mpaka hoteli kubwa za pwani, kunguni halindwi na godoro wala na ubao wa kitanda kama anavyolindwa na kimya cha watu watatu. Wa kwanza ni mwenye nyumba anayeficha. Wa pili ni mtumishi anayeogopa. Na wa tatu ni mgeni anayeona haya. Watu hawa hawakupatana kwa maneno, lakini matendo yao yamefanya mkataba mmoja, na anayefaidi mkataba huo ni kunguni peke yake.

Yapasa kwanza tumjue tunayepigana naye, maana mkuki urushwao gizani aghalabu humpata rafiki. Kunguni ni mdudu mwenye miguu 6, asiye na mabawa, asiyeweza kuchupa kama kiroboto. Rangi yake ni ya hudhurungi, mwili wake ni bapa kama punje ya dengu, na aliyekomaa hupata urefu wa milimita 5 hivi. Akisha kunywa damu huvimba, akarefuka, na rangi yake ikageuka kuwa nyekundu iliyokolea. Ziko aina mbili zinazomfuata binadamu. Moja hupatikana zaidi katika nchi za baridi, nayo wataalamu huiita Cimex lectularius. Ya pili ni ya nchi za joto, nayo huiita Cimex hemipterus. Wala mdudu huyu si mgeni duniani. Mabaki yake yamefukuliwa huko Misri, mahali paitwapo Amarna, penye makao ya watu wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Basi alikwisha kulala na raia wa mafarao kabla ya kulala nasi.

Jike hutaga mayai machache kwa siku, na katika maisha yake akafikisha mamia. Yai ni jeupe, urefu wake ni milimita 1 tu, nalo hugandishwa ufani hata lisitoke kwa kufagiwa. Kwa joto la kwetu huanguliwa baada ya siku 6 mpaka 10 hivi. Mtoto hujivua gamba mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara hana budi kwanza kunywa damu. Asipompata mtu wa kumnyonya, kunguni aliyekomaa aweza kustahimili njaa kwa miezi, hasa mahali penye ubaridi. Kwa hiyo anayefunga chumba kwa juma moja, akadhani amemwua kunguni kwa njaa, amejidanganya. Na jike mmoja aliyekwisha kupandwa, akiingia chumbani ndani ya mkoba wa msafiri, atosha kuanzisha taifa zima.

Alama zake zasomeka kwa yeyote mwenye macho na kurunzi. Kwenye mishono ya godoro huonekana madoa meusi madogo, mfano wa nukta za wino. Hicho ni kinyesi chake, yaani damu iliyokwisha kusagwa tumboni, nayo ikipanguswa kwa kitambaa chenye maji huacha mchirizi. Kwenye shuka huonekana madoa mekundu, pale kunguni aliyeshiba alipobanwa na mlalaji akijigeuza. Huonekana pia magamba mepesi ya rangi ya manjano, na mayai kama chembe za mchele mdogo mno. Mahali walipojaa pana harufu nzito, yenye utamu wa kuchukiza. Anayetaka kuwatafuta na atazame pembe za godoro, viungo vya kitanda, nyuma ya ubao wa kichwani, kamba za kitanda cha kusuka, mikunjo ya pazia, nyuma ya picha za ukutani na katika kila ufa ambao ukingo wa kadi waweza kupenya.

Vipele peke yake havitoshi kuwa ushahidi. Wako watu waumwao wasivimbe hata kidogo, na wako wanaovimba baada ya siku kadhaa, wakati wamekwisha kuhamia nyumba ya pili, wakamshtaki asiye na hatia. Tena mbu na viroboto nao huacha alama zao. Watu wengine humchanganya kunguni na papasi, yule kupe wa nyumba za udongo aletaye homa ya vipindi. Lakini papasi aliyekomaa ana miguu 8, na kunguni ana 6. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwani papasi huleta ugonjwa wa hatari, ilhali kunguni hajathibitika kumwambukiza binadamu maradhi kwa kumwuma, wala hasambazi virusi vya UKIMWI. Walakini asidharauliwe kwa sababu hiyo. Mwasho, vidonda vya kujikuna, usiku bila usingizi na fadhaa ya moyo ni madhara yatoshayo kumharibia mtu kazi yake na afya yake.

Sasa tukirudie kile kimya. Kina mzazi mmoja, naye ni aibu. Na aibu yenyewe imezaliwa na uongo. Uongo huo wasema kwamba kunguni ni mdudu wa wachafu na wa maskini. Ndiyo maana mwenye hoteli huona kwamba akikiri kuwa naye amejitia doa, na mgeni huona kwamba akimtaja amejivunjia heshima. Lakini kunguni hanusi sabuni wala hahesabu fedha. Anachofuata ni joto la mwili na pumzi tunayoitoa, na vitu hivyo viwili tajiri anavyo sawasawa na maskini. Shuka nyeupe iliyopigwa pasi haimzuii. Kwake ni meza iliyotandikwa vizuri.

Ushahidi wa jambo hili haupungui. Mnamo Septemba na Oktoba 2023 jiji la Paris, linalosifiwa ulimwenguni kwa uzuri wake, lilijaa hofu ya kunguni katika nyumba, majumba ya sinema na magari ya moshi, wakati lilipokuwa likijitayarisha kupokea Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024. Mwaka huo huo wa 2023, shirika la Ufaransa la usalama wa afya, liitwalo ANSES, lilieleza kwamba baina ya mwaka 2017 na 2022 kaya 11 katika kila 100 nchini humo zilipata kuingiliwa na kunguni. Kaya hizo zote si za maskini, wala hazikuwa zote za wachafu. Basi ikiwa mdudu huyu ameweza kupanda ngazi za majumba ya Paris, ya nini kumcheka msafiri aliyemkuta katika chumba cha gharama ndogo huko Nakuru au Kisumu?

Kweli iliyopo katika uongo ule ni ndogo, nayo yafaa itajwe ili hoja yetu isiwe ya upande mmoja. Umaskini haumwiti kunguni, lakini humnyima mtu silaha za kumfukuza. Asiye na uwezo hawezi kununua godoro jipya, wala kumlipa fundi wa dawa, wala kukaa mbali na nyumba yake siku mbili. Na chumba kilichosongamana vitu humpa kunguni maficho mengi zaidi. Lakini haya ni maneno ya kumhurumia mtu na kumsaidia. Si maneno ya kumwaibisha.

Mwenye nyumba ya wageni ana hoja zake, na haki yataka tuzisikilize kabla ya kuzijibu. Husema, “Nikikiri kuwa chumba changu kina kunguni, wageni watanikimbia.” Jibu ni kwamba watamkimbia hata asipokiri. Mgeni aliyelala macho usiku kucha hahitaji kuambiwa alichokiona. Ataondoka asubuhi, atasimulia safarini, atasimulia kazini, atasimulia kwao, na jina la nyumba ile litatembea kwa miguu ambayo mwenye nyumba hawezi kuifunga kamba. Tofauti ni moja tu: mwenye nyumba aliyesema mapema hupoteza mapato ya chumba kimoja kwa majuma machache, na aliyeficha hupoteza nyumba nzima. Kunguni hakai katika chumba alichopangiwa. Hupita katika nyufa za kuta na matundu ya mabomba na nyaya, hupanda katika shuka zinazobebwa kwenda kufuliwa, na hufuata godoro linalohamishwa kwa siri kutoka chumba hiki kwenda kile. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii, katika jambo la kunguni, ni ya kuchukuliwa kwa maana yake ya dhahiri.

Hoja yake ya pili ni hii: “Kunguni hakuzaliwa hapa, ameletwa na mgeni.” Yawezekana ni kweli, tena mara nyingi ni kweli. Lakini kuletewa kunguni si kosa. Kumfuga ndilo kosa. Mgeni alimleta kwa usiku mmoja bila kujua. Mwenye nyumba amemweka kwa miezi mitatu huku akijua. Kila anayepokea kodi ya kitanda ambacho yeye mwenyewe hathubutu kukilalia ameuza kitu chenye ila kwa bei ya kitu kizima. Sokoni mtu wa namna hiyo huitwa mdanganyifu. Sioni sababu ya kumpa jina jingine kwa kuwa duka lake lina mapazia. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni mwenyeji gani atakayepona, ikiwa mgeni huingia kwake mzima na kutoka akiwa amebeba udhia wa kupeleka kwa mkewe na wanawe?

Kimya cha pili ni cha mtumishi. Katika nyumba ya wageni, atakayemwona kunguni wa kwanza si meneja aketiye mezani wala mwenye mali aliye mbali. Ni yule mama au kijana anayetandika vitanda kila asubuhi. Yeye ndiye mlinzi wa mpakani. Lakini katika nyumba nyingi mlinzi huyu akipiga mbiu huadhibiwa kwa kuipiga. Huambiwa kwamba hakusafisha vema, hukatwa mshahara, au hufukuzwa kazi. Wenzake wakiona hivyo hujifunza haraka. Kesho wakiona madoa meusi kwenye mshono wa godoro hugeuza godoro upande wa pili, hutandika shuka na kufunga mlango. Tajiri hufurahi kwamba hakuna taarifa ya kunguni, na hajui kwamba amejinunulia upofu kwa mshahara wa mtu mwingine. Nyumba yenye hekima hufanya kinyume chake: humfundisha mtumishi kumtambua kunguni, humtaka akague kila kitanda mgeni anapoondoka, na humshukuru anapoleta habari mbaya mapema. Maana habari mbaya iliyowahi ni heri kuliko habari njema ya uongo.

Kimya hiki kina matokeo mabaya zaidi ya mwasho. Anayeficha hupigana kwa siri, na anayepigana kwa siri hupigana ovyo. Badala ya kumwita mtu ajuaye kazi, huchukua dawa yoyote iliyo karibu, akachanganya dawa ya shambani na ya nyumbani, akapulizia kitanda jioni, na usiku huo huo akampa mgeni ufunguo. Wengine humwaga mafuta ya taa vitandani, wakaongeza hatari ya moto juu ya udhia wa mdudu. Mwaka 2018, katika mji wa Hurghada nchini Misri, mume na mke watalii kutoka Uingereza walikufa hotelini baada ya chumba kilichopakana na chao kupuliziwa dawa ya kunguni. Uchunguzi wa vifo vyao uliofanywa Uingereza ulimalizika mwaka 2023, nao ulionyesha kwamba waliuawa na hewa ya sumu iliyotokana na dawa ile. Kunguni hajapata kumwua mtu usiku mmoja; ujinga wa mwenye kumwinda umeua.

Tena dawa iliyotumiwa ovyo humfundisha kunguni kustahimili. DDT ilipoanza kutumika ilidhaniwa kwamba habari ya kunguni imekwisha. Lakini mwaka 1947, katika kambi za askari wa majini huko Pearl Harbor, Hawaii, walikutwa kunguni wasiodhurika nayo. Mwaka 1961 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha taarifa ya kunguni wa Zanzibar waliokuwa sugu kwa dawa. Na mwaka 2002 ilichapishwa habari ya utafiti wa Tanzania juu ya kunguni sugu kwa dawa zinazotiwa katika vyandarua. Dawa hizo hutengenezwa viwandani kwa mfano wa sumu iliyomo katika ua la pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kenya zilisifika kwalo. Habari hii isimfanye mtu atupe chandarua, maana chandarua ni ngao dhidi ya malaria, nayo malaria huua. Lakini yatufundisha kwamba kunguni hashindwi kwa chupa moja ya dawa iliyonunuliwa kwa pupa. Anayepulizia nusu ya kazi huwaua wanyonge, akawaacha wenye nguvu wawe wazazi wa kizazi kijacho.

Je, afanyeje basi anayetaka kumshinda kwa haki? Asianze kwa sumu, aanze kwa ukweli. Chumba kilichoonekana na kunguni na kifungwe, wala kitu chochote kisitolewe humo bila ya kutiwa katika mfuko uliofungwa. Vyumba vya kulia na kushoto, cha juu na cha chini, vikaguliwe siku hiyo hiyo. Shuka, mapazia na nguo zifuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60 za Sentigredi, kwa kuwa joto ni silaha ambayo kunguni hakuizoea: joto lipitalo nyuzi 50 likimfikia yeye na mayai yake huwaua. Mvuke wa moto hupitishwa polepole katika mishono na nyufa, na pasi ya moto hutimiza kazi hiyo kwa nguo. Kuanika godoro nene juani hakutoshi, kwani kunguni huhamia upande wa kivuli. Nyufa zizibwe, viungo vya vitanda vifunguliwe na kusuguliwa, na godoro livikwe mfuko usio na tundu. Ikiwa dawa yahitajika, na iwe iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, ipuliziwe na mtu aliyefunzwa, wala chumba kisilalwe mpaka muda ulioandikwa upite. Baada ya majuma mawili ukaguzi urudiwe, kwa sababu yai lililosalimika siku ya kwanza litakuwa limekwisha kuanguliwa. Kazi hii haina muujiza, ina subira.

Kimya cha tatu ni cha mgeni, na hapa lawama yatugusa sote, maana kila mmoja wetu ni mgeni mahali fulani. Mgeni huona kunguni usiku, akahamia kitini mpaka kukuche, akalipa, akasema ahsante, akaenda zake. Huiita hali hiyo adabu. Si adabu, ni kumwachia mwenzake kitanda kile kile. Msafiri atakayeingia jioni, pengine akiwa na mtoto mchanga, angeokolewa kwa neno moja ambalo mgeni huyu alilimeza. Adabu ya kweli ni kukagua kabla ya kulala na kusema baada ya kuona. Aingiapo chumbani asiweke mkoba kitandani wala sakafuni karibu na kitanda; auweke juu ya meza tupu au katika chumba cha kuogea. Kisha afunue shuka, aangaze mishono kwa kurunzi, atazame nyuma ya ubao wa kichwani. Dakika 5 zatosha. Akiona dalili, amwite mwenyeji kwa sauti ya upole, amwonyeshe, na aombe chumba kisichopakana na kile. Ikiwezekana amnase mdudu kwa utepe wa kunata, ili mazungumzo yawe juu ya kitu kinachoonekana, si juu ya hasira. Asimshtaki mtu kwa vipele tu. Na akirudi nyumbani afue nguo zote za safari kwa maji ya moto, na mkoba aukague nje kabla ya kuuingiza chumbani.

Wala mgeni anayesema hajipendekezi wala haombi fadhila. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya yake na usalama wake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo huhesabu jengo chafu au lenye wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero ambayo mwenyewe aweza kulazimishwa kuiondoa. Huko New York, tangu mwaka 2010 mwenye nyumba ya kupanga hana budi kumpa mpangaji mpya taarifa ya maandishi juu ya kunguni waliopata kuonekana katika mwaka uliotangulia. Sheria hiyo haikuua kunguni hata mmoja kwa mkono wake. Ilichoua ni siri. Wala nyumba zetu za wageni hazihitaji kungoja sheria ya namna hiyo. Daftari moja mapokezini, lenye tarehe ya kila ukaguzi na jina la aliyekagua, lililo wazi kwa mgeni yeyote atakaye kulisoma, lingejenga imani kuliko mabango yote ya kusifu vitanda laini.

Vijana mnaosoma maneno haya huenda mkasema kwamba hamna hoteli wala hamsafiri sana. Lakini bweni ni nini ila nyumba ya wageni ambayo wageni wake hukaa miezi mitatu? Godoro na sanduku la chuma husafiri kila muhula kutoka nyumbani kwenda shuleni, na kutoka shuleni kurudi nyumbani, na kunguni husafiri humo bila nauli. Watu wale watatu wamo bwenini pia. Yupo mkubwa anayeogopa jina la shule lisiharibike. Yupo kiranja anayejua na kunyamaza. Na yupo mwanafunzi anayejikuna chini ya blanketi, asiseme, kwa kuwa aliona jinsi mwenzake aliyesema alivyopewa jina la mzaha mpaka mwisho wa mwaka. Kicheko hicho ndicho kilichofunga vinywa vya wengine. Aliyecheka alidhani amemdhihaki mtu mmoja. Kumbe alimhakikishia kunguni chakula cha muhula mzima, tena pengine kutoka katika mwili wake yeye mwenyewe anayecheka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na sauti moja haifukuzi kunguni. Mwanafunzi mmoja akisafisha kitanda chake, na vitanda 39 vilivyobaki visiguswe, amejichosha bure. Bweni zima likikaguliwa siku moja, nguo zote zikapata maji ya moto siku moja, na kila aonaye dalili akasema bila kuchekwa, mdudu aliyewashinda mafarao atakuwa amekutana na jambo asilolizoea. Kwa hiyo mwenye nyumba na akague, mtumishi na apewe heshima ya kusema, mgeni na afungue kinywa, na mwanafunzi na amlinde mwenzake anayetoa habari. Kunguni ana subira ya miezi na mayai kwa mamia, lakini hana njia ya kumzuia mtu kusema. Njia hiyo tunampa sisi, na ni juu yetu kumnyang'anya.